Jinsi ya Kuchagua Matairi Yanayoshika Vizuri Lami Iliyolowa

Mtu anapokwenda kununua matairi huku kwetu, jambo la kwanza analolitazama, na mara nyingi ndilo la mwisho pia, ni kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyochomoza kwenye uso wa tairi. Muuzaji hulisimamisha tairi, hupitisha kiganja juu yake na kusema, "Kashata zote hizi, ndugu yangu, hili bado bichi kabisa." Kashata zina umuhimu wake, nami nitazieleza kwa kirefu, lakini peke yake haziwezi kumhakikishia mnunuzi kwamba gari litasimama pale bodaboda inapokatiza mbele yake siku ya mvua. Kinachoshika lami ni mpira wenyewe. Kazi ya mifereji iliyo baina ya kashata ni kuyaondoa maji ili mpira huo uifikie lami. Nililijua hilo kwa gharama. Niliwahi kununua matairi manne ya mtumba kutoka Japani ambayo kashata zake zilikuwa nzuri kuliko za matairi yote yaliyopangwa pale kibandani, na mvua za vuli zilipoanza, gari liliteleza kwenye mataa likiwa katika mwendo wa kawaida wa mjini, likasimama likiwa limeshauvuka mstari mweupe kwa urefu wa gari zima. Fundi aliyelikagua kesho yake hakuuliza maswali mengi. Aliinama, akaweka kidole juu ya neno moja lililoandikwa ubavuni mwa tairi, neno ambalo sikuwa nimejishughulisha kulisoma. Tutalifikia katika hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: elewa tairi linapambana na nini

Sehemu ya tairi inayogusa barabara kwa wakati mmoja haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, na gari zima pamoja na abiria na mizigo yake limebebwa na viganja vinne hivyo. Barabara ikilowa, maji huingia katikati, na tairi hulazimika kuyasukuma pembeni na kuyapitisha mferejini kabla mpira haujagusa lami. Mwendo ukiongezeka, muda wa kufanya kazi hiyo hupungua, hadi ifike mahali maji hayana pa kwenda, yajikusanye mbele ya tairi kama kabari na kuliinua. Hapo gari huwa linaelea: usukani hugeuka mwepesi ghafla, na dereva akikanyaga breki haoni badiliko lolote.

Mwaka 1963 Walter Horne na mwenzake, watafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walichapisha utafiti kuhusu matairi ya ndege ulioonyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea hufuatana na upepo uliomo ndani yake. Kwa hesabu yao, tairi lenye upepo wa psi 30 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) laweza kuelea katika mwendo wa takriban kilomita 91 kwa saa, na upepo ukishuka hadi psi 20, mwendo huo nao hushuka hadi kilomita 74 hivi. Hesabu hiyo ni ya hali ambapo maji yamezidi uwezo wa mifereji, na tairi la gari dogo lenye mifereji mizuri huvumilia zaidi. Lakini tairi kipara halina pa kuyapitishia maji, kwa hiyo hata dimbwi dogo huligeukia kuwa maji mengi.

Kuna utelezi wa namna nyingine ambao hauhitaji dimbwi hata kidogo, nao ndio unaowakamata wengi. Baada ya kiangazi kirefu lami huwa imekusanya mafuta ya magari, vumbi na masizi ya mpira, na manyunyu ya kwanza huyachanganya yote hayo kuwa utando mwembamba juu ya barabara. Mifereji mipana haisaidii sana mahali hapo, kwa kuwa hakuna maji mengi ya kuyaondoa. Kinachosaidia ni mpira ulio laini kiasi cha kujibana katika vijitundu vya kokoto za lami, pamoja na vile vikato vyembamba juu ya kashata, vilivyo kama vimepitishwa wembe, ambavyo kingo zake huuchana utando huo.

Hatua ya pili: pata ukubwa sahihi

Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango. Kwenye magari yaliyotoka Japani maandishi mengi ni ya Kijapani, lakini ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo husomeka bila shida. Chukua mfano wa 195/65 R15 91H: upana wa tairi ni milimita 195, kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, R ni muundo wa radial, wenye nyuzi za ndani zinazokingama kutoka ukingo hadi ukingo, ambao ndio wa kawaida siku hizi, rimu ni ya inchi 15, 91 maana yake kila tairi laweza kubeba kilo 615, na H ni kikomo cha mwendo cha kilomita 210 kwa saa.

Wako wanaobadilisha rimu na kuweka matairi mapana kuliko yaliyopendekezwa wakiamini kwamba upana huongeza ushikaji. Kwenye lami kavu wanaweza kuwa na hoja. Kwenye maji mambo hugeuka, kwa sababu tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma kwa uzito uleule wa gari, hivyo huelea mapema. Kwa anayeendesha kwenye masika, ukubwa wa kiwandani ndio salama.

Hatua ya tatu: tambua mpira wa tairi ulitengenezwa kwa hali ya hewa gani

Hii ndiyo hatua ninayoomba msomaji aitulizie macho, kwani soko letu la matairi ya mtumba limejaa mtego huu. Neno alilonionyesha yule fundi ni STUDLESS. Ni tairi la majira ya baridi la Kijapani. Katika maeneo yenye theluji nyingi kama Hokkaido, wenye magari hubadilisha matairi kila baridi inapoingia na kuyavua inapotoka, na mengi kati ya hayo huuzwa nje ya nchi yakiwa bado na kashata ndefu. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini katika baridi ya chini ya nyuzi sifuri, na kila kashata imekatwakatwa kwa vikato vingi vyembamba ili ishike barafu.

Ukiliweka tairi hilo Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, ulaini uleule uliokuwa sifa huwa kasoro. Kashata zilizokatwakatwa hulegea juu ya lami yenye joto, na dereva anapokanyaga breki hujikunja na kulala badala ya kusimama wima na kuuma barabara. Gari huhitaji urefu mkubwa zaidi ili lisimame, na urefu huo huonekana hasa barabara ikilowa. Ndiyo sababu matairi yangu, yaliyokuwa na kashata nzuri kuliko yote pale kibandani, yalinivusha mstari. Kabla ya kuuliza bei, basi, lizungushe tairi ubavu mmoja, kisha wa pili, ukitafuta neno hilo au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukiangalia kwa karibu juu ya kashata utaona pia vikato vilivyopindapinda kama mawimbi, vikiwa vimejaa kutoka bega hadi bega, yaani kutoka ukingo mmoja wa uso wa tairi hadi mwingine. Tairi la kawaida huwa na vikato vichache tu.

Herufi M+S zisikupe matumaini wala hofu kubwa. Zinahusu umbo la kashata kwa ajili ya matope na theluji, na mtengenezaji huziweka mwenyewe. Hazisemi lolote kuhusu breki kwenye lami yenye maji.

Upo upande mwingine wa kosa hilohilo, nao ni wa wenye Prado, Land Cruiser na magari ya kubebea mizigo wanaofunga matairi ya M/T, yaani ya matope, kwa sababu ya mwonekano wake wa kibabe. Tairi hilo lina kashata kubwa zilizoachana ili litupe matope, na kwa anayeingia mashambani kila siku ni msaada wa kweli. Lakini mpira unaogusa lami ni mchache, vikato vyembamba karibu havipo, na kwenye mteremko wenye kona kama wa Kitonga mkoani Iringa siku ya mvua, gari zito lenye matairi hayo huchelewa kusimama. Mtu ambaye safari zake nyingi ni za lami, na matope ni ya siku chache kwa mwaka, atafaidika zaidi na tairi la H/T, yaani la barabara kuu, au la A/T, yaani la njia zote, lenye vikato vya kutosha.

Kwa matairi mapya, ulizia kama mpira wa juu umechanganywa na silika, unga wa madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Michelin waliingiza sokoni tairi la gari dogo la mchanganyiko huo mwaka 1992, na watengenezaji wengine wakafuata, kwa kuwa silika hupunguza mafuta yanayotumika bila kupunguza ushikaji kwenye maji. Zamani mambo hayo mawili yalivutana: tairi lililobana mafuta lilikuwa pia tairi la kuteleza.

Hatua ya nne: soma alama za upimaji

Ubavu wa tairi una habari nyingi kuliko alizonazo muuzaji. Tafuta duara dogo lenye herufi E na namba ya nchi iliyotoa idhini, kwa mfano E4 ambayo ni Uholanzi, kisha fuata mstari wa tarakimu ulio karibu nalo hadi mwishoni. Ukikuta kitu kama S2WR2, ile W inamaanisha tairi limefaulu kipimo cha chini cha kushika lami iliyolowa kwa mujibu wa Kanuni namba 117 ya Umoja wa Mataifa. Kufaulu kipimo cha chini si kuwa bora, lakini ni mwanzo, na mimi sinunui tena tairi jipya la gari dogo lisilo na alama hiyo.

Matairi mengi yana pia neno TRACTION likifuatwa na AA, A, B au C. Huo ni upimaji wa Kimarekani wa breki juu ya lami na zege zilizoloweshwa, na AA ndiyo ya juu. Kumbuka kwamba kipimo hicho hufanywa gari likienda moja kwa moja. Hakielezi kona, wala uwezo wa tairi kuepuka kuelea. Karibu nalo kuna TREADWEAR na namba, ambayo ni kipimo cha kudumu. Namba kubwa sana isikufurahishe kabla ya kuangalia herufi ya breki, maana mara nyingi mpira unaodumu sana ni mpira mgumu.

Tairi jipya lililopitia soko la Ulaya huwa na kibandiko chenye picha ya tairi na wingu la mvua. Tangu tarehe 1 Mei 2021 madaraja yake ni matano, A hadi E. Ili tairi la gari dogo lipate A, ushikaji wake kwenye maji unatakiwa ufike angalau mara 1.55 ya tairi la kulinganishia, ilhali lenye E halizidi mara 1.09, na pengo hilo ndilo linaloamua kama utasimama nyuma ya daladala au ndani yake. Hata kama dukani hakuna kibandiko, daraja la tairi huweza kutafutwa kwa jina lake na ukubwa wake katika hifadhidata ya Umoja wa Ulaya iitwayo EPREL, mradi tairi husika linauzwa huko. Angalia ukubwa uleule unaonunua, kwani jina moja la tairi laweza kuwa na B kwenye inchi 16 na C kwenye inchi 14. Wajapani nao wana kibandiko chao tangu mwaka 2010, chenye herufi ndogo a hadi d kwa ajili ya maji. Madaraja haya yote hupimwa tairi likiwa jipya, hivyo kwa mtumba hayatoshi, na hapo ndipo zinapohitajika hatua mbili zinazofuata.

Hatua ya tano: jua umri wa mpira

Tafuta herufi DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona, ligeuze tairi. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hakuna mazungumzo zaidi.

Mpira hukakamaa kwa hewa, joto na jua hata kama tairi halijawahi kukanyaga barabara. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi na liondolewe likifika miaka kumi hata kama linaonekana zima. Kwa joto la pwani, na kwa matairi yaliyopangwa nje juani, mimi nachukua miaka sita kuwa kikomo, na mtumba uliozidi miaka minne siuchukui.

Usidanganywe na weusi unaong'aa. Tairi la mtumba hupakwa dawa ya kung'arisha ambayo huziba nyufa ndogo. Chukua kitambaa, futa kipande cha ubavu na sehemu ya chini ya mifereji, kisha lipinde kidogo kwa mikono: nyufa zikiwapo zitajifungua mbele ya macho yako. Halafu bonyeza kashata kwa ukucha wa kidole gumba. Mpira hai huacha alama inayorudi polepole. Uliokakamaa hukurudishia ukucha kama umebonyeza plastiki. Si kipimo cha maabara, lakini ukikifanya kwanza juu ya tairi jipya la duka la jirani, kidole chako kitakumbuka tofauti.

Hatua ya sita: pima kina cha mifereji na uangalie umbo lake

Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Katika nchi za Ulaya na Japani kikomo cha sheria ni milimita 1.6, na ndiyo sababu ndani ya mifereji mikuu kuna vituta vidogo vya mpira. Kashata zikichakaa hadi kulingana navyo, tairi limekwisha. Pembetatu ndogo au herufi TWI begani hukuelekeza vilipo. Lakini kikomo cha sheria si kikomo cha usalama wa mvua. Chini ya milimita 3 uwezo wa kuyaondoa maji huwa umeshapungua sana, na ninashauri matairi yabadilishwe kabla ya masika ya mwezi Machi ikiwa yamefika hapo, hata kama yangeweza kumaliza kiangazi.

Kupima hakuhitaji kifaa cha gharama. Chomeka njiti ya kiberiti mferejini hadi iguse chini, ibane kwa kucha pale inapokutana na uso wa kashata, itoe na uilaze kwenye rula ya mtoto wa shule. Fanya hivyo katikati na kwenye mabega yote mawili. Tairi lililoliwa bega moja latokana na gari lililohitaji alaimenti (kunyooshwa magurudumu), na lililoliwa katikati lilijazwa upepo kupita kiasi. Yote mawili hugusa lami kwa sehemu tu.

Kuhusu umbo, tafuta mifereji mikuu mitatu au minne inayozunguka tairi zima, pamoja na mifereji ya pembeni inayofunguka hadi begani ili maji yapate kutoka. Michoro ya umbo la V huyatoa maji haraka, mradi ifungwe upande wake.

Tairi lililochongwa upya kashata kwa kisu cha moto lisiingie kwenye gari lako kwa bei yoyote. Matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE yametengenezwa yakiwa na mpira wa ziada chini kwa kazi hiyo. Tairi la gari dogo halina, na kisu huishia kukaribia nyaya za chuma. Mfereji huonekana mzuri, kingo zake zikiwa na mng'ao wa kuungua, lakini tairi limebaki ganda.

Hatua ya saba: yafunge yalivyokusudiwa

Ikiwa fedha ulizonazo zinatosha matairi mawili mapya mazuri au manne ya mtumba, na mawili kati ya uliyonayo bado yana milimita 4 au zaidi, nunua mawili mapya. Kisha mwambie fundi ayafunge nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Fundi wengi watapinga. Waeleze kwamba tairi la mbele likiteleza, gari husogea mbele, dereva hulihisi kwenye usukani na kuachia mafuta. La nyuma likiteleza kwenye kona, mkia hutangulia na gari hugeuka kabla dereva hajajua limeanza. Matairi ya ekseli moja yawe ya aina moja na kina kinacholingana.

Simama pale pale wakati wa kufunga. Tairi lenye mshale na neno ROTATION lazima lizunguke kufuata mshale gari linapokwenda mbele, na lenye neno OUTSIDE lazima upande huo uonekane nje. Lenye mshale likifungwa kinyume, mifereji huyakusanya maji katikati badala ya kuyatoa. Upepo ujazwe kulingana na kibandiko cha mlangoni, matairi yakiwa ya baridi. Kilopaskali 230 ni sawa na psi 33, na fundi anayejaza kwa kukadiria kwa teke aombwe atumie geji.

Mwisho, mwombe asipake dawa ya kung'arisha juu ya kashata, na kama ameshapaka, zioshe kwa sabuni kabla hujaondoka. Uso wa tairi jipya huwa pia umebaki na utelezi wa mafuta ya kalibu la kiwandani. Kwa kilomita 300 za mwanzo acha nafasi kubwa zaidi kati yako na gari la mbele, kanyaga breki taratibu, na mvua ikinyesha katika siku hizo, punguza mwendo zaidi ya unavyopunguza kwa kawaida.